Marehemu Yuko Wapi Sasa? Nilivyojifunza Kusoma Maandiko ya Siku za Mwisho

Nikiwa kijana nilimsikia mhubiri mmoja akijumlisha miaka ya kitabu cha Danieli hadi akaufikia mwaka wa kurudi kwa Yesu, nami kwa miezi kadhaa nikalegea katika masomo, kwa kuwa sikuona faida ya kujiandaa kwa mitihani ambayo haingefanyika. Mwaka ule ulipita kama mingine. Baadaye nilisoma habari za wafuasi wa William Miller kule Marekani, ambao kwa hesabu iliyojengwa juu ya siku 2,300 za Danieli 8:14 walimngojea Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, nikatambua kwamba kosa langu lilikuwa la kale. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: anayekutajia tarehe, mrudishe kwenye Mathayo 24:36, ambapo Yesu anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba, kisha usiendelee na mjadala.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kulichunguza neno kabla ya kulijengea fundisho. Kwa miaka mingi nilidhani kuzimu na jehanamu ni mahali pamoja, hadi niliposoma kwa utulivu Ufunuo 20:14, ambapo Mauti na Kuzimu zenyewe zinatupwa katika ziwa la moto, nikajiuliza kuzimu itatupwaje ndani yake yenyewe. Kuzimu, ambayo kwa Kiebrania ni Sheoli, ni makao ya wafu kwa jumla, na Yakobo mwenyewe alitarajia kushukia huko akimwombolezea Yusufu; jehanamu ni jina lililotokana na bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu, nalo hutumika kuhusu hukumu. Mahubiri mengi ya vitisho (yangu ya mwanzo yakiwemo) yasingesimama kama tofauti hiyo ingezingatiwa.

Kuhusu miaka elfu ya Ufunuo 20, ile ya kutawala pamoja na Kristo, sitakawia, ila nitasema kwamba Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, aliwahi kuipokea kama kipindi halisi kijacho, kisha akabadili mawazo, hivyo si aibu kwa msomaji wa kawaida kusita.

Swali gumu huulizwa msibani: marehemu yuko wapi sasa? Waadventista wa Sabato hujibu kwamba amelala hadi ufufuo, wakitaja Mhubiri 9:5. Wakatoliki hufundisha juu ya toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo. Waprotestanti wengi husema yuko pamoja na Kristo. Hata ahadi ya Luka 23:43 kwa mhalifu msalabani hubishaniwa kwa sababu ya mkato tu, maana nakala za kale za Kigiriki hazikuwa na alama za uandishi kama zetu, na neno "leo" laweza kuunganishwa na "nakuambia" au na "utakuwa pamoja nami". Mimi naelemea upande wa kuwa pamoja na Kristo, kwa sababu ya Wafilipi 1:23, lakini sitamgombeza anayeona vingine.

Mjane mmoja aliponiuliza swali hilo, nilianza kumweleza misimamo yote mitatu, nikaona macho yake yakinipita. Nikafunga daftari, nikamsomea 1 Wathesalonike 4:13-18, barua ambayo Paulo aliwaandikia watu waliokuwa na huzuni ileile, na aliponiomba niirudie, niliirudia bila kuongeza neno.