Shangazi au mama mkubwa?

Msomaji anayefasiri maisha ya Mtakatifu Hedwig kwa ajili ya jarida la parokia yake ameandika kwamba Hedwig alikuwa "shangazi" wa Mtakatifu Elisabeth wa Thuringia. Mwenzake amelikataa neno hilo, na sasa msomaji huyo anauliza ni nani kati yao aliyekosea.

Mwenzako amesema kweli. Shangazi ni dada wa baba, ilhali undugu wa Hedwig na Elisabeth ulipitia kwa mama. Hedwig alizaliwa yapata mwaka 1174 huko Andechs, Bavaria, akiwa binti wa Berthold, Mtawala wa Merania, na Agnes wa ukoo wa Wettin. Mdogo wake, Gertrude, aliolewa na András wa Pili, mfalme wa Hungaria, na mwaka 1207 akamzaa Elisabeth. Hedwig, kwa kuwa alimtangulia Gertrude kuzaliwa, ni mama mkubwa wa Elisabeth. Angekuwa amezaliwa baada yake, tungesema mama mdogo.

Shangazi wa kweli wa Elisabeth alikuwepo: ni Constance, dada wa András, aliyekuwa malkia wa Bohemia. Binti yake, Anna, aliolewa na Heinrich, mwana wa Hedwig, yule aliyeuawa vitani Legnica mwaka 1241 akipigana na Wamongolia. Ukiwaita Hedwig na Constance wote wawili "shangazi", msomaji atadhani Heinrich na Anna ni watoto wa dada wawili, na kwamba walioana ndugu kwa ndugu, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Kosa hili hutokana na lugha unayoifasiri kuwa na neno moja tu kwa dada wa mama na dada wa baba. Kijerumani cha zama za Hedwig hakikuwa hivyo. Dada wa mama aliitwa muome na dada wa baba base. Kaka wa mama alikuwa oheim na kaka wa baba vetere. Maneno ya jumla yanayotumika leo, Tante na Onkel, yaliingia baadaye sana kutoka Kifaransa. Kwa hiyo Kiswahili kinakurudisha karibu zaidi na namna watu hao walivyoitana wao wenyewe, na ni hasara kubwa kuiacha nafasi hiyo ipotee.

Zingatia pia neno mjomba. Elisabeth alipofiwa na mumewe, Ludwig, mwaka 1227, akiwa na umri wa miaka 20, alipokewa na dada mwingine wa mama yake, Mechthild, aliyekuwa mkuu wa monasteri ya Kitzingen, kisha akafikishwa kwa kaka yao Ekbert, askofu wa Bamberg. Ekbert alitaka aolewe tena, Elisabeth akakataa. Msomaji wako akikuta hapo neno "mjomba", atauelewa mara moja uzito wa shauri lile, kwa sababu katika jamii zetu nyingi mjomba ana sauti katika ndoa ya mpwa wake.

Kwa Ekbert, basi, Elisabeth ni mpwa. Kwa Hedwig ni mwana, kama ambavyo mama mkubwa yeyote angemwita, na yule Heinrich wa Legnica, mtoto wa mama mkubwa, mwandike kuwa ni kaka yake.