Pasta anauza esanse, mama pasta halali

Wiki hii nina barua mbili tu. Ya kwanza ni ndefu, nimeipunguza kidogo lakini maneno ni yake mwenyewe. Ya pili ni fupi na ilinichekesha, samahani shemasi.

SWALI: Bwana asifiwe Mama. Mimi ni mama pasta, niko hapa Goma upande wa Ndosho. Kanisa letu la Lubumbashi lilitutuma huku kupanda kanisa, tukaja na watoto watatu na mtoto wa dada yangu wa miaka 15, wakaahidi watatuma kitu kila mwezi. Mwaka wa kwanza walituma. Mwaka wa pili walituma ile miezi wanakumbuka. Sasa ni simu tu, "tunawaombea", ukiongeza na haya mambo ya usalama hata simu yenyewe siku zingine haishiki.

Bwana yangu si mtu wa kukaa akilia. Akachukua pesa yangu ya likelemba, ule mchango wa zamu na wenzangu, akanunua bidoni mbili za esanse, yaani petroli, akaweka meza mbele ya parseli, akapanga chupa za litri moja na ile chupa iliyokatwa ya kumiminia, motari, wale wa pikipiki za abiria, wakaanza kusimama. Leo tuna pipa moja na bidoni kama kumi, tunauza na mazutu (dizeli) kidogo kwa wenye jenereta. Mama sidanganyi, watoto wamerudi shule kwa hiyo meza, minervali imelipwa. Kwa hiyo siombi uniambie biashara ni mbaya.

Lakini nyumba imegeuka. Motari wengi ni washirika wetu, anasimama pale na kofia kichwani, "Pasta, nipatie litri mbili, nitakurudishia magaribi", magaribi inafika yeye hafiki. Na bwana yangu anashindwa kumdai Jumatatu mtu aliyemwekea mikono Jumapili. Kaye ya madeni imejaa majina ya kwaya. Kuna dada mmoja wa sauti ya kwanza haji tena kanisani na mimi najua ni kwa sababu ya litri sita.

Bidoni zilikuwa zinalala nyuma ya mimbari, kanisa letu ni la mbao, wezi wakatoboa. Sasa zinalala chumba cha watoto. Halafu mafuta yanapungua, kila bidoni ya litri 20 hatutoi chupa 20, bwana yangu akasema ni huyu mtoto wa dada yangu anauza kwa siri, akampiga kofi mbele ya wateja. Mtoto aliapa si yeye. Tangu siku hiyo hasemi na mtu, anakula, anaenda kulala.

Na lingine naona haya kuandika. Jumamosi tukiwa hatuna mtaji bwana yangu anachukua kwenye sadaka, anarudisha Jumanne. Anarudisha kweli, nimeona. Lakini shemasi mmoja amejua, sasa inasemwa, "Pasta iko anauzisha esanse, mchana anauzisha moto, Jumapili anahubiri moto." Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, usiku nikalia. Je, tuache hii biashara ya bwana yangu turudi kuishi kwa imani?

JIBU: Mama pasta, kabla hujasoma mengine, toa hizo bidoni kwenye chumba cha watoto. Leo, si kesho. Weka hii simu chini, uzitoe, halafu urudi.

Umerudi? Sawa. Wewe ni mtu wa Lubumbashi lakini umeshakaa Goma, mazuku utakuwa umeyasikia, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo, huioni wala huinusi, mbuzi anashuka kula majani hapandi tena. Mvuke wa esanse una tabia hiyohiyo ya kushuka, ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kutafuta moto. Mbabula yako iko jikoni, unaona ni mbali, kumbe mvuke umeshafika. Na esanse haingoji joto, inatoa mvuke hata usiku wa baridi kali. Mazutu ina subira kidogo, esanse haina. Sasa watoto wako wanalala wapi, si chini kwenye godoro? Palepale mvuke unapolala.

Wazee wa Goma hawajasahau Januari 2002. Mlima wa moto Nyiragongo ulitapika tarehe 17, lava ikapita katikati ya mji, siku chache baadaye kituo cha esanse kikalipuka watu wakiwa wanachota mafuta, wakafa makumi. Na Sange, ile barabara ya Uvira, tarehe 2 Julai 2010, lori la esanse lilipinduka usiku wa Kombe la Dunia, watu wakaja kuchota, wengine walikuwa wamekaa tu kwenye vibanda wanatazama mpira, wakafa zaidi ya 200. Sikuambii uogope, nakuambia hii bidhaa si nyanya.

Mawe ya lava Goma si shida. Jengeni kibanda kidogo mwisho wa parseli, mbali na jiko, mabati juu, kufuli mbele, na mashimo ya hewa yawe CHINI ukutani, mafundi wengi wataweka juu kwa mazoea, mkatalie. Ndoo mbili za mchanga mkavu zikae hapo. Moto wa esanse haumwagiwi maji, esanse inaelea juu ya maji, utakuwa umeusafirisha tu mpaka kwa jirani. Na kama kuna mtu anayevuta mpira kwa mdomo kutoa mafuta kwenye pipa, hasa huyo mtoto, acheni. Ikimpitia kwenye mapafu inaunguza, na akimeza msimtapishe wala msimpe maziwa ili atapike, mkimbizeni kituo cha afya.

Sasa huyo mtoto. Hapa ndipo niliposimama kusoma barua yako nikatembea kidogo uani. Chukua chupa moja ya litri mnayouzia. Imeandikwa litri moja, lakini nina hakika mnajaza mpaka mdomoni, si ndiyo, kwa sababu motari anaangalia na shingo ikiwa tupu atalalamika. Chupa iliyojazwa mpaka mdomoni inabeba zaidi ya litri. Fanya hivyo mara 18, mara 19, bidoni imeisha na chupa ya 20 haijaguswa. Ongeza inayomwagika mkimimina, ongeza inayopotea kwa mvuke kwa sababu mfuniko umepotea mkaziba na kipande cha nailoni. Mkitaka kuamini, jazeni bidoni moja, chora mstari kwa biki pale mafuta yalipofika, ifungeni hivyohivyo mnavyofunga siku zote, msiuze, mwangalie tena baada ya siku chache. Halafu nunueni kipimo cha kweli cha litri.

Kwa hiyo kwa ulivyonieleza mwizi wa nyumba yenu ni shingo ya chupa. Na bwana yako alimpiga mtoto kofi mbele ya wateja. Mimi sitaki aende kumwomba msamaha chumbani, hapana. Alimpiga mezani, amwombe msamaha mezani, motari wakiwepo. Najua atasema heshima ya mchungaji. Mwambie mtoto naye alikuwa na heshima yake.

Madeni. Haya hayaishi mpaka pasta atoke mezani, sababu umeisema mwenyewe, mkono ulioombea kichwa cha mtu Jumapili hauwezi kumdai Jumatatu, na mtu anajua, ndiyo maana anakuja na kofia na sauti ya upole. Anayeuza awe mtu mwingine, na jibu liwe moja kwa wote, shemasi, kwaya, hata mimi nikipita: pesa kwanza, esanse baadaye. Wale walioko kwenye kaye, wenye uwezo walipe polepole, mia tano, elfu moja, hata ikichukua mwaka. Wasio na uwezo futeni, mara moja tu, na msitangaze kanisani maana Jumatatu mtakuwa na foleni. Yule dada wa sauti ya kwanza nenda wewe mwenyewe nyumbani kwake, beba ule ukurasa umwachie. Litri sita ni kitu kidogo sana kumpoteza mtu.

Sadaka. Hapa sina maneno laini. Kurudisha Jumanne hakuondoi kuchukua Jumamosi. Hata ikirudi yote, siku moja motari watakimbia na bidoni mbili, au bei itashuka ghafla, na Jumanne itafika mikono mitupu, hapo mtaitwaje? Paulo alipobeba mchango wa watu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, alikwenda na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili mtu asipate la kusema, soma 2 Wakorintho 8. Sadaka ihesabiwe na watu wawili ambao si wa nyumba yenu, iandikwe, ikae kwa mmoja wao na kaye ikae kwa mwingine. Na bwana yako aseme mbele ya mashemasi kwamba amekuwa akikopa na sasa ameacha. Itauma nusu saa. Kile kicheko cha "anauzisha moto" hakikutoka kwenye esanse, kilitoka hapo.

Sasa swali lako, muache? Hapana. Paulo alishona mahema Korintho, mnajua, kila pasta mwenye duka anamtaja. Lakini wanasahau alikuwa anafanya kazi hiyo nyumbani kwa Akila na Prisila, mtu na mkewe, na wote wawili wametajwa kama watu wa hiyo kazi, Matendo 18. Na kuna William Carey, mwingereza aliyekwenda India 1793, pesa ikamwishia, miaka yake ya kwanza Bengali alikuwa msimamizi wa kiwanda cha rangi ya nili, mchana nili, usiku kutafsiri Biblia. Wahubiri wanampenda sana huyu. Mkewe Dorothy hawamtaji. Mtoto wao Peter alikufa hukohuko 1794 na akili ya Dorothy ikavurugika, haikurudi tena mpaka kufa kwake. Kwa hiyo mtu akiniambia "hata Carey alifanya biashara" mimi nauliza, na mama wa nyumba, alikuwa anaendeleaje?

Wewe unaendeleaje? Nimesoma barua yako mara tatu. Umeandika "biashara ya bwana yangu". Lakini juu kidogo umeandika pesa ilikuwa ya nani? Likelemba yako. Mtaji ni wako mama, na wewe ndiye unaamka alfajiri, na wewe ndiye unajua nani anadaiwa litri ngapi, bado unaiita ya kwake. Chukua hiyo meza. Kaye iwe mkononi mwako, ufunguo wa kibanda uwe kwako, mtoto wa dada yako akusaidie saa za jioni na umlipe kitu, hata kidogo, kijulikane ni mshahara. Pasta arudi kutembelea wagonjwa wake. Akipita mezani asalimie wateja aendelee. Halafu muulize shefu wa kartiye na mairie mnatakiwa kuwa na karatasi gani, msingoje siku ya msako.

Na Lubumbashi waandikieni. Si barua ya kulia, barua ya hesabu: mliahidi hiki, mlituma hiki miezi hii, tunaishi kwa hiki. Mtu wa kukuombea kwa simu anapaswa kujua unakula nini.

SWALI: Mama, mimi ni shemasi hapa Bukavu, Kadutu. Pasta wetu ameanza kuuza mazutu na esanse karibu na kwake. Sisi wazee wa kanisa tumeamua kumpunguzia posho kwa sababu sasa ana biashara, ili pesa isaidie ujenzi. Wengine wanasema si haki. Tulikuwa tunampa tukipata. Unasemaje?

JIBU: Shemasi, soma sentensi yako ya mwisho kabla ya "Unasemaje?" Mlikuwa mnampa mkipata. Sasa mnachopunguza ni nini hasa?

Mtu hakuanza kuuza mazutu kwa sababu ana pesa nyingi, alianza kwa sababu mlikuwa mnampa mkipata. Na hiyo biashara inamkula muda wa kuwatembelea, nyie mtakuja kulalamika mwezi wa tatu kwamba pasta haonekani. Pangeni kiasi, kiwe kidogo lakini kiwe na tarehe. Mwiteni mkae, nyie mje na kaye ya kanisa yeye aje na yake, mwambiane ukweli, saa zipi ni za meza na saa zipi ni za kanisa, na nani anashika sadaka (jibu: si yeye). Mkimaliza, wenye pikipiki wanunue hata litri mbili kwake. Walipe papo hapo.