Jibu kwa mwenye sabuni za Moshi: lebo inaita watu, ila haijibu wasiwasi wao

Mkuu, umesema sabuni zako za mwarobaini na mlonge pale mezani kwako soko la Mbuyuni watu wanazishika, wanasifia "lebo kali hii", halafu wanarudisha. Ukauliza utafute mbunifu mwingine au mtu anayejua saikolojia ya wateja. Mimi nadizaini lebo na vifungashio hapa Arusha, na naona nusu ya kazi umeshaimaliza. Lebo imewafanya washike. Wanarudisha kwa sababu kuna wasiwasi ambao hujaujibu popote.

Kushikwa nako si haba. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha kwamba kitu kisichofanana na wenzake ndicho kinachokumbukwa zaidi. Pita Nanenane pale Njiro uone: asali karibu zote zina picha ya nyuki, sabuni za asili zina jani la kijani. Ukija na sura nyingine, macho yanakufuata. Ila macho hayatoi hela.

Nina mteja wangu mama mmoja, anachukua asali Singida anauza hapa mjini. Ikifika Juni na Julai, baridi ya Arusha mnaijua, asali inaganda chini ya chupa, inafanya chengachenga. Wateja wakawa wanamrudishia: "Mama, hii umeweka sukari." Akataka lebo mpya ya rangi ya dhahabu, yenye neno HALISI kubwa. Nilimkatalia, maana hata anayechakachua anaandika halisi. Tukabandika stika ndogo chini kabisa ya chupa, palepale ganda linapoanzia: "Nimepigwa na baridi ya Arusha. Niweke kwenye maji ya uvuguvugu." Watu walicheka, wengine wakairusha status. Malalamiko yakapungua, kwa sababu mteja akiliona ganda anakuta alishaambiwa. Utani ndio uliomfanya asome, na maelezo ya baridi yakamtoa hofu. Kimoja bila kingine kisingefika mbali. Na hatukuandika kwamba kuganda kunathibitisha asali ni safi, kwa sababu peke yake hakuthibitishi. Mteja akigundua umetia chumvi, humkosi yeye peke yake, unawakosa na majirani zake wote.

Hofu ya namna hiyo ina nguvu kuliko tamaa. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza humuuma mtu kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyomfurahisha. Mama aliyeshika elfu tano mbele ya meza yako hapimi uzuri wa sabuni tu, anapima atakavyojisikia hiyo elfu tano ikipotea bure.

Sasa wasiwasi wa wateja wako ni upi? Usiukisie ukiwa nyumbani. Mwache ndugu yako auze, wewe kaa pembeni kama mpita njia, usikilize wanachonong'onezana wakiirudisha. Mimi nikibashiri, nasema viwili: "isije ikawa na mkorogo" na "hizi za asili zinaisha haraka bafuni". Cha kwanza kinajibiwa na orodha ya viambato kwa Kiswahili kinachosomeka bila miwani, na nembo ya TBS, shirika la viwango Tanzania (kama huna, hela ya kunilipa mimi ipeleke huko kwanza). Cha pili ndicho kitamu kwa mbunifu. Chukua sabuni iliyotumika kweli wiki mbili nyumbani kwako, iweke kwenye kibao chake kikavu kando ya mpya, na karatasi ndogo: "Hii imeoga wiki mbili." Nakuhakikishia wataishika hiyo kabla ya mpya. Muhimu iwe imetumika kweli, usiikate kwa kisu.

Halafu ulisema sabuni zako zina harufu 14; zipunguze mezani. Kuna jaribio la jamu la Sheena Iyengar na Mark Lepper, lilichapishwa mwaka 2000, lilifanyika dukani California: penye aina 24 watu walisimama zaidi, penye aina 6 walinunua zaidi. Tafiti za baadaye hazikutoa jibu hilo kila mara, kwa hiyo usilichukue kama amri. Wiki hii weka zote, wiki ijayo weka tano, ulinganishe mauzo.

Picha uliyotuwekea ni ya mbele ya sabuni. Weka na ya nyuma tuone, maana mtu akishaanza kusita huko ndiko anakogeuzia.