Maswali na Majibu: Damu ya Mama na Uchovu wa Mkunga, Vyote Vipimwe

Wodini kwetu tunakadiria kwa macho damu anayopoteza mama baada ya kujifungua. Mkufunzi wetu anasema hapo ndipo tunapochelewa kutibu. Ni kweli? Na tukitaka kupima, tupimeje?
*Mkunga wa zamu*

Mkufunzi wenu amesema kweli. Damu hunyonywa na pamba na mashuka, nyingine hudondoka sakafuni, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo jicho linavyoipunguza. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wao wa kila siku ziligundua takriban nusu tu ya akina mama waliotokwa na damu nyingi. Zilizopima na kutibu kwa mpango zilikamata 93%. Kupoteza lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya damu au kufa kwa kutokwa na damu kulipungua kwa 60%.

Kinachotumika ni shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za mililita. Litandikwe chini ya makalio ya mama mara mtoto anapotoka, si kabla. Likitandikwa mapema, maji ya chupa ya uzazi na mkojo huingia humo na mkasoma damu isiyokuwepo. Kwa saa nzima ya kwanza, kila dakika 15, someni mfuko, shikeni tumbo mjue kama mfuko wa uzazi umekaza, pimeni mapigo na presha, na andikeni. Mililita 500 zikifika, anzeni matibabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2025 unataka muanze hata kwenye 300 iwapo mapigo yamepita 100 kwa dakika au namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100.

Matibabu yaende kwa pamoja. Hapa ndipo wodi nyingi hukosea: hukanda tumbo, husubiri; huchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, husubiri; dripu huja mwisho. Kandeni mfuko wa uzazi, wekeni oksitosini yuniti 10 kwenye dripu (kuisukuma haraka mshipani hushusha presha), toeni gramu 1 ya asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu isimame) mshipani kwa dakika 10, ongezeni maji, hakikisheni kibofu ni kitupu, kisha kagueni kondo na michubuko ya njia ya uzazi. Asidi hiyo ina faida ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kila dakika inayopotea inaipunguza. Damu isiposimama baada ya dakika 30, rudieni dozi. Msisubiri dakika hizo kumwita daktari; aitwe mapema.

Mambo mawili ya kabatini. Oksitosini ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa sababu joto huiua nguvu bila kubadilisha sura yake. Na chupa za traneksamiki zisikae karibu na bupivakeini ya ganzi ya uti wa mgongo. Vichupa hivyo hufanana, na wapo wagonjwa waliokufa kwa kuchomwa traneksamiki mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2022.

Naandika utafiti wa shahada kuhusu uchovu wa kazi kwa wakunga. Nitumie dodoso gani, na nijihadhari na nini?
*Mwanafunzi wa ukunga*

Dodoso la Maslach la 1981 ndilo maarufu zaidi: maswali 22 yanayogusa kuchoka kihisia, kumwona mgonjwa kama kitu, na kujiona huna mchango. Kulitumia hulipiwa. Sisi tungekuelekeza kwenye dodoso la Copenhagen la 2005, ambalo ni la bure na limetumika sana kwa wakunga. Lina maswali 19: 6 ya uchovu wa mtu mwenyewe, 7 ya uchovu unaotokana na kazi, 6 ya unaotokana na wale unaowahudumia. Kila jibu hupewa 0, 25, 50, 75 au 100, kisha unatafuta wastani wa kila sehemu peke yake. Kuanzia 50 ndiko watafiti wengi huhesabu kuwa ni uchovu uliokithiri. Angalia swali linalouliza kama mtu hubaki na nguvu za kuwa na familia na marafiki: alama zake hugeuzwa, 100 ikawa 0 na 0 ikawa 100. Ukisahau, sehemu nzima ya kazi inaharibika.

Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, irudishwe lugha ya asili na mwingine asiyeliona dodoso la awali, kisha uwape wakunga wachache walisome kwa sauti na kueleza walivyoelewa kila swali.

Usiri utakusumbua kuliko takwimu. Wodi yenye wakunga 8, ukiuliza umri na miaka ya kazi, umeshawataja kwa majina. Uliza kwa makundi mapana, na fomu zisikusanywe na mkuu wa wodi. Kumbuka pia kwamba walioumia zaidi huenda wako likizo ya ugonjwa au wameacha kazi, kwa hiyo matokeo yako yataonyesha hali nafuu kuliko ilivyo. Omba uorodheshe hata waliohama.

Tafadhali usiishie kwenye alama za watu. Chukua pia idadi ya akina mama wanaojifungua na ya wakunga kwa kila zamu. Utafiti wa Aiken na wenzake wa 2002, katika hospitali za Pennsylvania, Marekani, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la 7% la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, na 23% la muuguzi kuwa na uchovu uliokithiri. Bila takwimu za zamu, msomaji atahitimisha kuwa wakunga wako ni dhaifu.

Mama alitufia zamuni. Kesho yake tuliitwa wote tusimulie tukio, kwa lazima. Mimi nilizidi kuumia. Je, nina tatizo?
*Muuguzi*

Pole sana, dada. Huna tatizo. Mapitio ya 2002 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona kwamba kikao kimoja cha kusimulia mkasa huzuia msongo wa baadaye, na yalishauri watu wasilazimishwe. Mwombe mkuu wako atenganishe mambo: kikao cha kuchunguza tiba ilikwendaje kifanyike siku nyingine, na faraja itolewe kwa hiari, na mtu unayemwamini. Ruhusa ya kutoka zamuni mapema siku ile ile ina maana kuliko hotuba. Ndoto mbaya, kushtuka ovyo au kukwepa chumba kile vikiendelea zaidi ya mwezi, muone mtaalamu wa afya ya akili.

Kulala kidogo zamu ya usiku ni kosa?
*Mkunga*

Mkipokezana kwa mpango na wodi haiachwi tupu, hapana. Lala dakika 20 hadi 30. Zaidi ya hapo usingizi unakuwa mzito na utaamka umepumbaa, kwa hiyo usipime dawa dakika 15 za kwanza. Mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama aliye na 0.05% ya pombe kwenye damu. Asubuhi, usiendeshe gari.