Aliyeokoka anaweza kuishi bila dhambi kabisa?

Bwana asifiwe, dada. Umeuliza kama mhubiri wenu yuko sahihi kusema aliyeokoka hatendi dhambi tena, maana wewe bado unawafokea watoto halafu unajuta.

Andiko analolishikilia ni 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, na lipo kweli. Ila waraka huo huo, 1:8, unasema tukidai hatuna dhambi tunajidanganya, na Yohana anajihesabu humo. Katikati iko 2:1: anaandika ili tusitende dhambi, lakini mtu akitenda, tunaye Mwombezi. Mimi 3:9 naielewa hivi: mzaliwa wa Mungu haifanyi dhambi kuwa ndiyo maisha yake. Ukifoka jioni, usingizi ukakataa mpaka umwombe mwanao msamaha, tofauti iko hapo.

Wanaofundisha ukamilifu, yaani kuishi bila dhambi, hupenda kumtaja John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Sawa, aliufundisha, lakini kwake dhambi hasa ilikuwa kuvunja kwa makusudi sheria unayoijua. Makosa ya kutojua yalibaki, nayo yalihitaji damu ya Kristo. Mwenyewe hakudai kuufikia (hilo huwa halihubiriwi!).

Hata wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, waliimba wimbo wao wa sifa, Tukutendereza, huku wakiendelea kuungama mbele ya wenzao. Kwao kutembea nuruni kulikuwa kutoficha.

Muulize mhubiri, kwa heshima, 1:8 anaisomaje. Ukipata nafasi, muulize na mkewe.