Kabla Hujauza Hiyo Kompyuta, Badilisha Diski

Kuna ndugu wa Bungoma ameniandikia. Anataka kufungua saiba, amenunua kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika, na sasa zinamchosha kwa kukawia kuwaka. Anauliza kama aziuze. Ndugu yangu, usiziuze!

Mimi nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Mashine zangu ni HP zenye prosesa ya Core i3 ya kizazi cha tatu. Mwisho wa Juni watu walikuwa wanamiminika kujaza ritani za KRA, yaani mamlaka ya kodi, wanabofya, wanangoja, kisha wananyanyuka kwenda kwa jirani. Fundi mmoja akaja akaniambia, mbele ya wateja wangu, kwamba hizo ni takataka, ninunue mpya kwake. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana mashine zilikuwa nzima. Shida ilikuwa diski. Diski ya zamani huzungusha sahani huku kichwa kikihangaika kutafuta data, na SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachosogea ndani. SSD ya SATA, inayotumia waya uleule wa diski ya zamani, husoma karibu megabaiti 550 kwa sekunde. Ya zamani hujikongoja kwenye 100 na ushee.

Nilibadilisha diski zote kwa mkono wangu, nikaweka SSD, na leo wateja hawangoji.

Fanya hivi: zima mashine, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla hujashika chochote. Nunua SSD ya inchi 2.5, usishawishiwe na zile za M.2, vibao vyembamba vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, kwani bodi za umri huo hazina nafasi yake. Tundu la waya wa data lina umbo la L: ukigoma kuingia, ugeuze, usiulazimishe. Halafu, na hili nalisisitiza, chomoa diski ya zamani unapoweka Windows. Ukiiacha, faili za kuwashia zinaweza kwenda kukaa humo, na siku ukiitoa mashine haiwaki. Ukimaliza, irudishe ikae na faili za wateja, na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, tanguliza SSD.

Vijana wenzangu wa saiba, shikeni bisibisi! Msikubali mtu awauzie woga. Kazi ni yenu, mashine ni zenu, zifungueni mzijue.

Na wewe wa Bungoma, nunua SSD moja tu ya GB 240 kwanza. Ifunge kwenye mashine ya kaunta, ile unayochapishia.