Mshumaa, glasi na swali la binti wa dawati la nyuma

Kwa miaka sita niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha kwanza jaribio la mshumaa, na miaka yote sita niliwapa maelezo yasiyo sahihi. Walimu wenzangu mnalijua: sahani ya maji, mshumaa unaowaka katikati, glasi juu yake. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Nilikuwa nasema oksijeni imekwisha, ndiyo maana maji yamechukua nafasi yake. Wanaandika, tunaendelea na mada.

Siku moja binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona maji yamepanda mshumaa ukiwa umeshazimika?"

Nikarudia jaribio nikiamini hakuangalia vizuri. Kumbe ni mimi sikuwahi kuangalia. Mshumaa ulipokuwa ukiwaka, maji yalikaa karibu palepale, na nilipoufunika upesi nikaona hata mapovu yakitoka chini ya ukingo wa glasi. Moto ulipozimika ndipo maji yakapanda, tena kwa kasi. Joto lilikuwa limetanua hewa na nyingine kutoroka. Ilipopoa, iliyobaki ikasinyaa, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani. Tukawasha mishumaa mitatu badala ya mmoja, maji yakapanda zaidi. Ingekuwa ni oksijeni peke yake, idadi ya mishumaa isingeleta tofauti hiyo.

Tangu siku hiyo siwashi kiberiti kabla kila mmoja hajaandika kwenye daftari anatarajia kuona nini, na kwa nini. Kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Mtoto aliyekwisha kuandika kwamba maji hayatapanda huyakodolea macho maji hayo kuliko aliyekaa kusubiri jibu langu. Nikiuliza swali nahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema neno. Mwanzoni ukimya ule ulinitesa. Vumilia, maana mara nyingi mkono wa kwanza huinuka ukifika saba au nane.

Ukitaka kupima oksijeni kweli, chukua stilwaya ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu. Ioshe kwa siki kuondoa mafuta, ibane kwenye kitako cha glasi, kisha igeuze glasi juu ya sahani ya maji. Acha siku kadhaa. Kutu inakula oksijeni polepole, maji yanapanda na kusimama karibu na sehemu moja ya tano, kwa kuwa hewa ina oksijeni asilimia 21 hivi. Watoto hupita kuangalia asubuhi kabla ya kengele, rula mkononi.

Waache wabishane kwa Kiswahili. Hapa Tanzania wengi wao wametoka darasa la saba wakisoma kila kitu kwa Kiswahili, na ukiwabana kwa Kiingereza tangu dakika ya kwanza watakariri tu. Wakishaelewa, istilahi za mtihani wanazishika haraka.

Kuna jambo linaloniuma zaidi: kupika data. Kwenye taitresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi ibadilike ili kupima kiasi kilichotumika, mwanafunzi hurudia kipimo na anajua majibu yanatakiwa yakaribiane, basi anasoma bureti (mrija wenye alama za vipimo) mara moja na kuzibuni namba mbili zilizobaki. Tumemfundisha sisi, kwa kumpa alama anayefika kwenye jibu la mwalimu. Katika mazoezi ya darasani, mimi natoa alama kamili kwa aliyeandika mililita 24.6 na 26.1 kama alivyoziona, akaeleza kwamba mara ya pili alipitiliza pale rangi inapobadilika, kisha akarudia. Mwanzoni hawakuniamini. Ilichukua karibu muhula mzima kabla kijana mmoja hajaniletea daftari lenye mstari uliokatwa, pembeni kaandika: "Hapa nilisahau kuondoa faneli ya kujazia bureti, matone yaliongezeka." Nililisoma daftari hilo mbele ya darasa zima, kwa ruhusa yake.